Mfumaji aliyekataa kutawaliwa na karatasi

Katikati ya miaka ya 1950, mama mmoja wa Wisconsin, Marekani, aliliuzia jarida la wanawake sweta ya nakshi aliyoibuni mwenyewe. Alikuwa ameifuma kwa kuzunguka kama anayefuma soksi kubwa, kuanzia kiunoni hadi shingoni, bila vipande vya kuunganisha. Jarida lilipotoka, maelekezo aliyoyakuta yalikuwa mengine. Wahariri walikuwa wameigawa kazi yake vipande: mgongo ufumwe peke yake, kifua peke yake, mikono kando, kisha mfumaji achukue sindano ya kushonea aviunge vyote. Ndiyo njia waliyoizoea, na ndiyo waliyoamini wasomaji wao wataiweza.

Jibu la mama huyo lilichukua miaka michache. Mwaka 1958 alianza kutoa kijarida chake mwenyewe, na mwaka uliofuata akaanzisha biashara ya kuuza nyuzi, sindano na maandishi kwa njia ya posta, akaiita Schoolhouse Press. Humo hapakuwa na mhariri wa kumkatia sweta yake.

Aliitwa Elizabeth Zimmermann. Alipofariki tarehe 30 Novemba 1999, akiwa na miaka 89, gazeti la New York Times lilimwandikia taazia ndefu, heshima ambayo kwa kawaida huwekewa majenerali, mawaziri na waigizaji wa sinema. Wafumaji wa Marekani na Ulaya wanamtaja kama wapenzi wa rumba wanavyomtaja Franco Luambo: hata asiyejua nyimbo zake anacheza hatua alizozianzisha yeye. Nasi ambao kwetu kufuma ni kazi ya mama mjamzito anayesubiri mtoto, au ya kikundi cha wanawake kinachotafuta ada ya shule, tunaweza kujiuliza mtu anafuma nini hata aandikwe hivyo.

Alizaliwa London tarehe 9 Agosti 1910, akiitwa Elizabeth Lloyd-Jones, binti wa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Mama yake naye hakuwa mtu wa kukaa bure. Ndiye anayetajwa kuanzisha huduma ya kupeleka chakula majumbani kwa gari. Binti alipelekwa shule ya bweni, kisha akasomea sanaa Lausanne, Uswisi, na baadaye Munich, Ujerumani. Alijifunza kuchora na kupaka rangi, na michoro yake mingi imo katika kitabu chake cha mwisho. Hilo nalitaja kwa sababu linaeleza jicho lake. Alipoitazama sweta, kwanza aliona umbo, na vitanzi vya uzi vilifuata baadaye.

Munich ndiko alikokutana na Arnold Zimmermann, Mjerumani fundi wa kutengeneza bia. Ujerumani ya miaka ile haikuwa mahali pa mtu mwenye ulimi mwepesi. Arnold alisikika akimsema vibaya Hitler, na ikambidi aiache nchi yake. Wakaoana Uingereza, na mwaka 1937 wakavuka Atlantiki kwenda kuanza maisha Marekani. Baada ya kuhamahama, kazi ya bia iliwafikisha Milwaukee, mji wa Wisconsin uliojaa wahamiaji wa Kijerumani na viwanda vya bia. Walilea watoto watatu.

Katika maandishi yake Arnold ni Mzee. Mzee yumo katika kila kona ya vitabu vile: Mzee anavaa sweta ya majaribio, Mzee anaendesha gari naye mkewe anafuma pembeni, Mzee ana maoni kuhusu shingo inayobana. Inajulikana pia kwamba Elizabeth alifuma akiwa amepanda nyuma ya pikipiki ya mumewe. Msomaji aliyewahi kupanda bodaboda kwenye barabara yenye mashimo ana haki ya kutoamini, ila sindano alizozipenda zilisaidia: mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini unaopindika, hazichomi mbavu za mtu wala hazidondoki moja moja.

Waliishi katika jengo lililowahi kuwa shule ya darasa moja, aina ya shule ambazo zamani zilitapakaa vijijini Marekani, watoto wa rika zote wakisoma chumba kimoja chini ya mwalimu mmoja. Jina la biashara lilitoka hapo, na ofisi pia ilikuwa hapohapo nyumbani. Nyuzi za Shetland na Iceland ziliingia, vifurushi vya wateja vilitoka, na maandishi yaliandikwa kati ya shughuli moja ya nyumbani na nyingine. Wisconsin si nchi ya mchezo wakati wa baridi. Kipimajoto hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri, na mtu asiye na sweta nzuri anaijua Januari. Ndiyo maana maandishi yake hayana harufu ya mapambo. Vazi kwake lilikuwa kitu cha kuzuia baridi kwanza, urembo baadaye, ingawa urembo nao hakuudharau hata kidogo.

Kitabu cha kwanza, Knitting Without Tears, kilitoka mwaka 1971. Kilifuatiwa na Knitter's Almanac mwaka 1974, Knitting Workshop mwaka 1981 na Knitting Around mwaka 1989. Ningekuwa wa kuchagua kimoja, ningeshika cha mwaka 1974. Ni kalenda ya mwaka mzima, kila mwezi na kazi yake. Februari ni vitu vya watoto wachanga. Julai ni shali, kwa sababu Julai watu husafiri na shali haihitaji kupimwa kila mara. Desemba ni sweta ya haraka kwa ajili ya mtu uliyemsahau mpaka Krismasi imebisha hodi. Katikati ya maelekezo anasimama akasimulia hali ya hewa, safari, watoto, na vitu vinavyomuudhi. Ni mwandishi anayeachia mazungumzo yatoke nje ya njia kisha akayarudisha bila kuomba radhi. Wengi wanaonunua vitabu vyake hawafumi chochote humo, wanasoma tu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana imani za mtu huyu zimo ndani ya kazi yake.

Mwili wa binadamu, aliona, ni mrija mkubwa wenye mirija miwili ya mikono. Kwa nini basi tufume vipande bapa, kama fundi cherehani anayekata kitambaa, halafu tuvishone viwe mrija? Fundi cherehani hana budi kwa sababu kitambaa chake kimetoka kiwandani kikiwa bapa. Mfumaji anakitengeneza kitambaa mwenyewe, hivyo anaweza kukipa umbo tangu mwanzo. Jamii za wavuvi wa visiwa vya Uingereza na watu wa Norway walikuwa wakifuma kwa kuzunguka vizazi na vizazi. Anayezunguka huona upande wa mbele wa kazi yake muda wote, kwa hiyo nakshi za rangi mbili hazimchanganyi, na wala halazimiki kufuma kinyume kila anapogeuka, jambo ambalo Elizabeth hakulipenda na hakuficha.

Halafu kuna hesabu. Maelekezo ya kufuma, hasa yale ya majarida ya zamani, huandikwa kama amri: weka vitanzi 96, fuma mistari 14, punguza kitanzi kimoja kila upande, rudia mara saba. Mfumaji anatii hadi mwisho, na mwisho wake ni sweta inayomfaa mtu mwingine. Elizabeth alikuja na hesabu ya asilimia. Fuma kipande kidogo cha majaribio kwa uzi wako na mkono wako, uhesabu ni vitanzi vingapi katika sentimita kumi. Tuseme ni 20. Kifua unachotaka ni sentimita 100. Basi mwili wako ni vitanzi 200, na hiyo 200 ndiyo asilimia mia. Kila kitu kingine kinatoka humo. Mkono wa sweta unaanzia kwenye kifundo cha mkono kwa asilimia 20, yaani vitanzi 40, na ukifika juu unakuwa kama theluthi moja ya mwili, vitanzi 66 hivi. Kila kwapa linachukua asilimia 8, vitanzi 16. Shingo ni asilimia 40, vitanzi 80. Ukibadilisha uzi, ukapata kitanzi kinene zaidi, namba zote zinabadilika lakini uwiano unabaki.

Kipande cha majaribio ndicho sehemu ambayo wafumaji wavivu huiruka, na hapo Elizabeth hakuwa na huruma. Tuseme umedhani mkono wako unatoa vitanzi 20 katika sentimita kumi, kumbe ni 22. Vitanzi vyako 200 vitakupa kifua cha sentimita 91 badala ya 100. Sentimita tisa zimepotea bila mtu kukosea popote katika kufuma. Ulegevu au ukazo wa mkono ni kama mwandiko, kila mtu na wake, na mama huyu hakuona sababu ya kumlazimisha yeyote aubadilishe. Aliyefuma kwa kulegea aachwe afume kwa kulegea, mradi apime.

Hapa ndipo ninapomwona vizuri zaidi. Alikuwa mkali kuhusu vipimo na mpole kuhusu karibu kila kitu kingine. Ukishika uzi mkono wa kulia kama Waingereza au wa kushoto kama Wajerumani, shauri yako, ingawa yeye alitumia wa kushoto na akausifia kwa wepesi wake. Sifa hiyo ilikuwa na historia chungu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtindo wa Kijerumani ulikosa heshima Uingereza na Marekani kwa sababu tu ya jina lake. Yeye aliyeolewa na Mjerumani aliyemkimbia Hitler alijua ujinga wa kuupa uzi uraia. Aliendelea kufuma hivyo, akafundisha hivyo, na wanaofuatilia historia ya kazi hii wanamhesabu miongoni mwa walioirudisha njia hiyo Marekani.

Aliamini pia kwamba kosa si dhambi. Kitanzi kilichopinda katika sweta ya maelfu ya vitanzi hakimuui mtu. Likikukera, fumua; lisipokukera, endelea. Kipimo alichokitaka ni macho ya mwenye sweta, wala si ya mkaguzi fulani wa kufikirika aliyesimama nyuma ya kiti.

Shali yake ya mviringo ni mfano mzuri wa jinsi akili yake ilivyofanya kazi, na naomba msomaji asiyependa hesabu anivumilie kidogo. Tatizo la kufuma duara ni kujua uongeze vitanzi lini ili kitambaa kisikunjamane wala kisivutike kikawa kofia. Wengi waliongeza kidogo kidogo kila baada ya mizunguko miwili, wakihesabu mpaka kichwa kinauma. Elizabeth alirudi kwenye kanuni tuliyoisoma sote shule ya msingi: mzingo wa duara huongezeka sawasawa na nusu kipenyo chake. Umbali kutoka katikati ukiwa maradufu, mzingo nao unakuwa maradufu. Basi usiongeze kidogo kidogo. Zidisha kwa mbili, mara moja, halafu tulia. Unaanza na vitanzi 9. Unazidisha, 18, unazunguka mara 3. Unazidisha, 36, unazunguka mara 6. Kisha 72 na mizunguko 12, 144 na mizunguko 24, 288 na mizunguko 48, na 576 ambavyo unaendelea navyo hadi shali itoshe. Kati ya kuzidisha kumoja na kunakofuata una nafasi pana ya kuweka nakshi yoyote unayoipenda, au kutoweka chochote na kupiga soga.  Elizabeth hakuwa mtu wa maneno makubwa. Aliiita tu shali ya pai, ile pai ya hesabu za duara.

Koti lake la mtoto mchanga, la mwaka 1968, ni maarufu zaidi. Linafumwa likiwa kipande kimoja cha ajabu, kwenda na kurudi, ukipunguza hapa na kuongeza pale kwenye kona mbili, na ukimaliza unashika mkononi kitu kisichofanana na chochote. Mtu akikuona atadhani umeharibu. Kisha unakikunja mara hii na mara ile kama bahasha, na koti linatokea, likiwa na mikono yake na kifua chake. Kushona ni mabegani tu. Wafumaji wengi waliowahi kulifuma husema walilifuma bila kuamini mpaka dakika ile ya kukunja. Nadhani alilipenda kwa sababu hiyo. Haikuwezekana kulifuma kwa kutumia akili ya mtu mwingine. Ilibidi uone mwenyewe.

Lipo jambo moja lililowatisha hata mashabiki wake: kukata sweta kwa mkasi. Ukifuma mrija mtupu na unataka sweta ya kufungua mbele kwa vifungo, unapitisha mishono ya cherehani mistari miwili toka juu hadi chini, halafu unakata katikati ya mistari hiyo. Mfumaji wa kawaida akisikia hivyo hushika kifua. Kazi ya wiki nyingi, leo iwe chini ya mkasi? Elizabeth alieleza hatua zote kwa upole wa muuguzi, na kwa utani akashauri kwamba ukimaliza kukata ujilaze kidogo katika chumba chenye giza mpaka moyo utulie. Njia yenyewe ni salama, na sababu ni sufu. Unywele wa kondoo una magamba madogo yanayong'ang'aniana, hivyo vitanzi vilivyokatwa havikimbii ovyo. Uzi laini wa plastiki hauna magamba hayo. Anayeukata lazima cherehani yake iwe imeshika kweli.

Imani yake katika sufu ilikuwa kubwa, na kwetu hapa ndipo penye utata. Uzi mwingi unaouzwa katika maduka ya Kariakoo au Biashara Street ni wa kiwandani, wa rangi kali na bei nafuu, na hauna unywele hata mmoja wa kondoo. Sufu huhifadhi joto hata ikiloa, hurudi katika umbo lake ikivutwa, na husamehe mkono usio sawa. Baada ya kufuliwa mara moja vitanzi vilivyokaa vibaya hujipanga. Hayo yote ni kweli. Lakini ni rahisi kuhubiri sufu ukiwa na ghala la nyuzi za Shetland nyumbani, na mume mwenye mshahara wa kiwanda cha bia. Mama wa Makete au Kinangop anayetaka mtoto wake asitetemeke asubuhi anafuma kwa uzi aliouweza, na simwoni Elizabeth akimkemea. Hata hivyo alikuwa na upendeleo wake, na upendeleo huo una bei.

Wala mfumo wake wa asilimia haumtoshi kila mtu. Umejengwa juu ya mwili wa wastani. Mwenye kitambi, mwenye kifua kikubwa na mikono myembamba, mwenye mabega mapana ya kubeba mizigo, hawa wote wakifuata asilimia bila kufikiri wataishia na sweta yenye mikono ya baunsa. Elizabeth alilijua hilo, ndiyo maana aliwashauri watu wachukue sweta wanayoipenda kabatini, waipime, wafume inayofanana nayo. Ila wapo wafumaji wasiotaka kabisa kupima wala kufikiri. Wametoka kazini wamechoka, wanataka karatasi iwaambie la kufanya mstari kwa mstari, nao wapumzishe kichwa. Siwalaumu. Yeye alikuwa na subira nao kidogo tu.

Kilichonivutia kuliko yote ni kukataa kwake kudai kwamba amevumbua kitu. Alisema mara nyingi kwamba alilolibuni huenda mtu mwingine alishalibuni karne zilizopita, mahali fulani, bila kuandika. Si unyenyekevu wa kujipamba. Kazi hii ni kongwe kweli, na mwanzo wake hauko Ulaya. Miongoni mwa vitu vya zamani zaidi vilivyofumwa kwa sindano za kufumia ambavyo makumbusho yanavyo ni soksi za pamba kutoka Misri ya zama za Kiislamu, za buluu na nyeupe, zilizofumwa kwa kuzunguka, baadhi zikiwa na maandishi ya Kiarabu ndani ya nakshi. Mfumaji wa soksi zile alishajua kuzunguka, alishajua rangi mbili, na alishajua kisigino. Jina lake halikuandikwa popote. Mtu anayelijua hilo akidai amevumbua kufuma kwa kuzunguka atakuwa anajichekesha.

Labda kwa sababu hiyo alifundisha bila uchoyo. Miaka ya 1960 aliendesha kipindi cha televisheni ya umma ya Wisconsin, The Busy Knitter, akiketi mbele ya kamera na kufuma huku akizungumza. Mwaka 1974 alianzisha kambi ya wafumaji, watu wanakuja kukaa siku kadhaa, wanafuma, wanabishana, wanaonyeshana kazi. Binti yake Meg Swansen alikuwa mwanafunzi wake, kisha mwenzake, kisha mrithi wake katika kambi na katika Schoolhouse Press. Mwaka 2005, miaka sita baada ya kifo cha mama, vijarida vya mwaka 1958 hadi 1968 vilikusanywa kuwa kitabu, The Opinionated Knitter. Msomaji anaona humo namna wazo linavyokua kutoka toleo moja hadi jingine, makosa yakisahihishwa hadharani.

Kazi hii imetoka nyumbani na kuonekana hadharani zaidi tangu wakati wake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, mpiga mbizi wa Uingereza Tom Daley alipigwa picha akiwa jukwaani kati ya watazamaji, anafuma. Alikuwa ameanza mwaka uliotangulia, wakati wa karantini ya korona. Katika michezo hiyohiyo alishinda dhahabu, akaifumia medali mfuko isikwaruzike. Walioshangaa kuona mwanaume na sindano hawakujua kwamba miji kadhaa ya Ulaya ilikuwa na vyama vya mafundi wa kufuma ambavyo vilikuwa vya wanaume, karne nyingi kabla kazi hii haijaitwa ya akina mama.

Na kwetu? Kenya ina kondoo wa sufu nyanda za juu, na Njoro kuna Kenana Knitters, kikundi kilichoanza mwaka 1998, ambacho wanawake wake wanasokota sufu kwa mkono na kufuma wanasesere wa wanyama kwa ajili ya soko la nje. Kila mwanasesere huondoka na kadi yenye jina la aliyemfuma. Hiyo kadi ingemfurahisha Elizabeth, nadhani, kuliko mwanasesere mwenyewe. Nje ya vikundi vya namna hiyo, kufuma kwetu kumebanwa pande mbili. Upande mmoja mashine za mafundi wa sweta za shule, upande mwingine mitumba. Kwa bei, sweta ya mkono haiwezi kushindana na rundo la Gikomba au la Karume, na anayekuambia itashinda anakudanganya. Uzi peke yake unaweza kugharimu kuliko sweta nzima iliyovaliwa Ujerumani majira mawili. Anayefuma kwa hesabu ya fedha aache leo.

Anayefuma kwa sababu anataka sweta yenye mikono inayomfika mtoto wake mwenye mikono mirefu, au kwa sababu jioni zake zinamhitaji afanye kitu kingine kuliko kutazama simu, huyo ana kazi ya kutosha. Na si lazima aanze na sweta. Elizabeth mwenyewe alishauri kwamba kipande cha majaribio kisipotee bure: badala ya kufuma kiraka, fuma kofia. Kofia ni mrija mfupi, inakupa vipimo vya mkono wako na uzi wako, na ukiipima vizuri una namba zote za sweta inayofuata. Ukikosea, kuna mtu mwenye kichwa kikubwa zaidi au kidogo zaidi katika kila familia. Tafuta sindano mbili zilizounganishwa kwa waya na uzi mnene wa rangi moja. Kama bibi au shangazi yako bado anafuma, nenda akuonyeshe namna ya kuanza vitanzi, maana jambo hilo hujifunzwa kwa kutazama mikono kuliko kwa kusoma gazeti.